Nililipia Chumba cha Beki Tatu Higienópolis

Bawabu hakusema neno. Aliliangalia sanduku langu, akaniangalia mimi, akainua kidole kuelekea mlango wa pembeni, ule unaopakana na njia ya magari. Nikaufuata. Mtu aliyetoka Dar es Salaam, akabadilisha ndege mara mbili, akateremka São Paulo miguu imevimba, hana ubishi na bawabu. Nikapita penye mapipa ya taka na mita za gesi, hadi kwenye lifti iliyofunikwa turubai kuta zote, kama ya kupandishia friji. Ghorofa ya saba ikanitema kwenye kijia chembamba chenye mlango mmoja mweupe. Nikagonga. Nikafunguliwa jikoni.

Mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na kitu, alikuwa na kisu mkono mmoja na nusu kitunguu mkono wa pili. "Mbona umepitia huku?" akauliza. Sikuwa na jibu la Kireno, wala la Kiswahili.

Baadaye ndipo nikaelewa. Majengo ya namna ile yana lifti mbili, na kila nyumba ina milango miwili. Lifti ya mbele, yenye kioo na mbao iliyopigwa msasa, wanaiita elevador social, na hiyo inakufikisha sebuleni. Ya nyuma ni ya huduma, nayo inakufikisha jikoni. "Ni kwa ajili ya sanduku tu," Dona alinihakikishia. (Ndivyo nilivyomwita, Dona na jina lake la kwanza, kama sisi tunavyosema Bi Fulani. Bawabu naye ni Seu Fulani, heshima ya mtu mzima.) Mizigo hupita nyuma, ndiyo kanuni, hata yeye akitoka sokoni na kigari chake hupita nyuma. Nikaamini. Niliamini kwa siku tisa hivi.

Nilikuwa na wiki nane za kozi ya Kireno katikati ya jiji, na hela za kuhesabu. Mtaa nimeuchagua kwa bei, na hapo anayeijua São Paulo atacheka, maana Higienópolis ni ushuani hasa. Kumwambia mtu wa pale kuwa unakaa Higienópolis ni kama kumwambia mtu wa Dar kuwa unakaa Masaki: kwanza anakutazama viatu. Tangazo lilisema chumba kidogo, bafu lake, mlango wake, metro karibu. Yote kweli. Lililoachwa kusemwa ni kwamba chumba chenyewe kilijengwa kwa ajili ya msichana wa kazi.

Kipo nyuma ya jiko, ukishapita sehemu ya kufulia. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kitanda, rafu, na kidirisha kilichowekwa juu kiasi kwamba mwanga unauona lakini mtu humwoni, kinatazama shimo la hewa ambamo nyumba zote zinapumulia vitunguu saumu. Bafuni choo na bomba la mvua vimebanana, ukioga umeosha na choo. Hilo bomba lina hita ya umeme kichwani, nyaya zinaonekana zinaingia palepale maji yanapotokea, na ukigusa koki vidole vinatekenywa. Wabrazili wenyewe hawana habari nalo. Kitu kimoja nilikipenda: kamba za kuanikia nguo, zinazopandishwa hadi darini kwa kapi kama tanga la jahazi. Kwingine kote nyumba ni pana kupita kiasi, sakafu ya mbao inayong'aa, maktaba ya marehemu mume, sebule isiyokaliwa na mtu. Nilipima kwa hatua. Chumba changu kingeingia sebuleni mara kumi na moja.

Usiku ule wa kwanza Dona alinikabidhi shuka, kisha akanipa na kitu kingine akakitaja: fronha. Nikashtuka kama aliyeitwa jina lake sokoni. Foronya! Wareno walikaa pwani yetu karne mbili wakatuachia ngome na maneno, foronya, meza, kasha, bendera, leso, na hapa nilikuwa nimesimama uani kwa Mbrazili nikipokewa na neno la bibi yangu. Nililala vizuri.

Jumanne alfajiri nikaamshwa na ufunguo kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa mama wa makamo, mweusi kama mimi, na mfuko wa nguo. Alitaka bafu langu, kwa sababu ndimo anamobadilishia nguo za kazi kwa miaka yote. Tukatazamana. Akaniuliza kama mimi ndiye mfanyakazi mpya, na nikaona uso wa mtu anayedhani kaporwa siku zake. Nikasema hapana, mimi mpangaji.

"Unalipa?"

"Ninalipa."

Akapindua ndoo, akaikalia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. "Mimi nililipwa miaka kumi na tisa kulala kwenye chumba kama hiki," akasema, "na bado niliona wananidhulumu. Wewe unatoa hela yako mwenyewe!"

Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Anakaa Cidade Tiradentes, ukingo wa mashariki kabisa wa jiji, basi kisha treni kisha metro, na akifika kazini ameshasafiri karibu saa mbili. Kwa Dona anakuja Jumanne na Ijumaa tu, na siku hizo mbili hazikupangwa kwa bahati. Mwaka 2013 Wabrazili walirekebisha katiba yao ili wafanyakazi wa nyumbani wapate haki ambazo wafanyakazi wengine walikuwa nazo tangu zamani, pamoja na kikomo cha saa za kazi na malipo ya saa za ziada. Sheria ya mwaka 2015 ikaweka mstari: anayefanya kazi nyumba moja zaidi ya siku mbili kwa wiki ni mwajiriwa kamili, chini ya hapo ni kibarua wa siku. Basi matajiri wengi wakajifunza kuhesabu hadi mbili na kuishia hapo. Nchi ina wafanyakazi wa nyumbani kama milioni 6, karibu wote wanawake, na wengi wao ni weusi. Wa kulala hukohuko wamepungua, vyumba vikabaki. Vingine vimegeuzwa stoo, vingine ofisi. Kimoja kikanipata mimi.

Nilijaribu kukumbuka chumba cha dada wa kazi wa kwetu nilipokuwa mdogo. Nakumbuka gunia la mchele ndani yake, nakumbuka khanga yake msumarini. Dirisha silikumbuki. Nikampigia mama simu. "Dirisha la nini," mama akasema, "si alikuwa anashinda nje?"

Mchana, baada ya darasa, nilikuwa natembea. Mtaa unatembeleka, lazima niseme. Miti imekutana juu ya barabara, na mizizi imeinua vigae vya njia ya miguu hadi wazee wanatembea wakitazama chini. Ijumaa jioni wanaume wenye kofia nyeusi wanakwenda sinagogi kwa miguu na watoto wao, maana familia nyingi za Kiyahudi zilihamia huku kutoka mtaa wa Bom Retiro mambo yao yalipokaa sawa. Kwenye bustani ya Buenos Aires mayaya waliovaa nyeupe tupu wanasukuma vigari vya watoto kuizunguka sanamu kubwa ya marumaru ya mama na mtoto, na wanawake wengine wanatembeza mbwa ambao pia si wao.

Jina lenyewe ndilo lililonishika. Higienópolis: mji wa usafi, mji wa afya. Miaka ya 1890 wafanyabiashara wawili, Martinho Burchard na Victor Nothmann, walinunua ardhi hii ya mwinuko, wakaikata viwanja wakaiuza kwa matajiri wa kahawa. Walichouza ni kimo. Homa ya manjano ilikuwa imeupiga vibaya mji wa Campinas mwaka 1889, na watu wa zama zile waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya ya mabondeni. Mwenye uwezo apande kilimani, apewe maji ya bomba na mfereji wa maji taka, awaachie wengine bonde na hewa yake. Miaka michache tu baadaye daktari wa hukohuko São Paulo, Emílio Ribas, alijiachia aumwe na mbu kuthibitisha kuwa mwenye kosa ni mbu. Lakini viwanja vilikuwa vimeshauzwa.

Hili si geni kwetu. Mnazi Mmoja, pale tunapokwenda kwenye sherehe na mikutano, paliachwa wazi kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mji wa wengine, na sababu iliyoandikwa ilikuwa hiyohiyo ya afya. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Burchard na Nothmann angalau waliweka nia yao kwenye jina.

Na hela zilitoka wapi? Utumwa ulifutwa Brazili tarehe 13 Mei 1888. Majumba ya kwanza ya Higienópolis yalianza kupanda haijapita miaka kumi. Lililobaki zuri kuliko yote ni Villa Penteado ya mwaka 1902, kasri la mfanyabiashara wa kahawa na magunia ya juti, ambalo sasa ni la Chuo Kikuu cha São Paulo na wanafunzi wa usanifu wanasomea humo. Nilisimama kwenye ukumbi wake, ngazi za mbao zimejipinda kama mizabibu, nikaona aibu ya kulipenda.

Yale mengine mengi yalibomolewa kupisha maghorofa, na hapo niwe mkweli: maghorofa ni mazuri zaidi. Louveira, ambalo Vilanova Artigas alilichora mwaka 1946, ni vipande viwili vilivyotazamana na bustani katikati, kama uwanja wa Vilaboim ulio mbele yake umeamua kuingia ndani kupumzika. Artigas alikuwa mkomunisti. Nilikula mkate wa jibini kwenye benchi la Vilaboim siku nyingi nikilitazama nikiwaza wapangaji wanamfikiriaje. Lakini kipenzi changu ni Bretagne, barabara ya Higienópolis, la miaka ya 1950: waridi, bluu, vigae vidogovidogo, bwawa la kuogelea, nguzo zilizolala mshazari, mapambo hadi huko juu paani. Aliyelibuni, João Artacho Jurado, hakuwa na shahada ya usanifu. Michoro yake ilibidi isainiwe na mwenye leseni, na wasanifu wenye vyeti walimcheka kwa ushamba wa rangi zake. Leo vyumba vyake vinagombaniwa. Kila nikipita pale nilitabasamu, kwa sababu lile jengo limevaa kama shangazi yangu anavyovaa harusini, na shangazi hajawahi kumwomba mtu radhi.

Sasa majina ya barabara. Piauí, Maranhão, Ceará, Pernambuco, Alagoas, Sergipe, Bahia: majimbo ya kaskazini-mashariki, yenye ukame na umaskini, ambako ndiko waliko­toka mabawabu, wapishi na mafundi wengi wa São Paulo. Seu bawabu wetu ni mtu wa Pernambuco. Anafanya kazi barabara ya Piauí. "Wameniweka jimbo la jirani," alinitania siku moja, "nyumbani ni pale, dakika chache, lakini sijui mtu." Baada ya wiki mbili tulikuwa tunapiga soga. Aliniambia utotoni walikuwa wanachota maji kwenye cacimba. Nini? Akachimba hewa kwa mikono, akavuta kamba isiyoonekana. Kisima! Nikamwambia ni neno letu, limetoka Angola likafika kwao, na sisi tunalo upande wa pili wa bara. Tangu hapo kila nikirudi ananisubiri na neno. Quitanda, duka la mboga. Nikamwambia kwetu kitanda ni cha kulalia, akamhadithia bawabu wa jirani. Minhoca, mnyoo wa ardhini, ambao wanaojua lugha wanauhusisha na nyoka wa Kibantu.

Huyu ndiye aliyeninyooshea kidole siku ya kwanza. Sikuwahi kumuuliza.

Karibu kila jengo siku hizi lina uzio wa vyuma na milango miwili ya barabarani. Unaingia wa kwanza, unafungwa nyuma yako, unasubiri kama kuku kwenye tenga, ndipo wa pili unafunguka. Ukishazoea tenga hilo huoni ajabu kisa cha metro. Mwaka 2010, wakati mpango wa kuweka stesheni kwenye barabara ya Angélica ulipokuwa unajadiliwa, mkazi mmoja aliliambia gazeti kuwa stesheni italeta gente diferenciada, watu wa namna nyingine. Wakazi maelfu wakatia saini kuipinga. Mei 2011 serikali ya jimbo ikasema stesheni itasogezwa, na São Paulo nzima ikaangua kicheko cha hasira: tarehe 14 mwezi huohuo watu walikusanyika mbele ya duka kubwa la mtaa na majiko ya nyama choma, wakaiita choma ya watu wa namna nyingine. Ujenzi wa njia ya metro yenye stesheni hiyo ulianza 2015, ukasimama mwaka uliofuata, ukafufuliwa 2020. Kwenye njia nyingine, ya manjano, stesheni ya Higienópolis-Mackenzie ilifunguliwa Januari 2018, ukingoni kabisa mwa mtaa, na ndiyo aliyokuwa anashukia rafiki yangu wa Cidade Tiradentes kila Jumanne na Ijumaa. Jikoni kwa Dona alipenda kujitangaza akiingia: "Watu wa namna nyingine wamefika!"

Siku ya tisa, basi. Mwanafunzi mwenzangu, Mjerumani, alipanga nyumba barabara chache kutoka kwetu, akanialika chakula cha mchana Jumapili. Jumamosi nilishuka kwenye soko la wazi la uwanja wa Charles Miller, mbele ya uwanja wa mpira wa Pacaembu, nikanunua mapera. (Ukienda soko hilo, kula pastel, ambayo ni binamu mkubwa wa sambusa, na unywe juisi ya miwa, mashine ni ileile ya Kariakoo, bila ndimu na tangawizi, na hilo ni kosa lao.) Jumapili nikavaa gauni langu zuri, nikabeba mfuko wa mapera. Bawabu wa jengo lile akanitazama kupitia kioo, mlango wa kwanza ukafunguka, ukafungwa. Akainua kidole. Mlango wa pembeni.

Sikusogea. Nikataja jina la mwenyeji wangu na namba ya nyumba, Kireno kinatetemeka. Akapiga simu juu, akasikiliza, kisha mlango wa mbele ukafunguka bila yeye kunitazama tena. Mezani nilimuuliza yule Mjerumani kuhusu lifti ya nyuma. "Kuna lifti ya nyuma?" akasema. Alikuwa amehamia pale na mabegi mawili makubwa na baiskeli.

Niliporudi nilisimama mbele ya lifti ya jengo letu nikasoma kibao ambacho nilikuwa napita bila kukitazama. Kinataja sheria ya jiji la São Paulo ya mwaka 1996, nacho kinasema takriban hivi: ni marufuku, na kuna faini, kumbagua mtu katika kutumia lifti kwa sababu ya rangi, jinsia, asili, hali ya kijamii, umri, ulemavu au ugonjwa usioambukiza kwa watu kukaa pamoja. Ni orodha ndefu. Nilisimama nikifikiria vikao vilivyokaliwa hadi kila neno likaingia humo, na kila neno lilikuwa na mtu wake aliyewahi kuonyeshwa kidole. Sheria haikukataza lifti mbili.

Jumapili za baadaye niliacha kuzunguka juu, nikawa nateremka kwenye Minhocão. Hilo ni barabara ya juu ya nguzo iliyofunguliwa mwaka 1971, inapita bondeni kando ya mtaa, karibu na madirisha ya watu kiasi kwamba unaweza kujua wanakula nini. Jina rasmi watu hawalitumii. Wanaiita mnyoo mkubwa, na mimi kichwani niliiita Lijoka. Siku za kazi ni magari na moshi. Wikiendi magari yanazuiwa, na bonde lote linapanda juu: watoto na baiskeli, wazee wenye viti vyao, vijana na redio. Hakuna uzio wala tenga. Ukisimama juu yake unayaona majengo kutoka nyuma, upande ambao hakuna aliyeupiga rangi kwa ajili ya mgeni, na ukijua cha kutafuta unakiona: safu za vidirisha vidogo vya juu, kimoja kila ghorofa, vimepangwa kama vifungo vya shati. Nilikuwa navihesabu. Kimoja kilikuwa na kopo la ua.

Niliondoka Ijumaa. Seu bawabu alipoona nimebeba sanduku alishikilia mlango wa lifti ya mbele kwa mguu wake, akanikonyeza, "Iko chini tayari, binti." Nikamshukuru, nikamwambia niiache kwanza, nimesahau kuaga jikoni.

Rafiki yangu alikuwa ametoa shuka kitandani kwangu tayari. Foronya ilikuwa inapanda darini kwa kapi, inadondosha matone.

"Haya," akasema, kamba mkononi, "na sasa nani atalipia?"

Nikamwambia Dona ameshapata mpangaji, mwanafunzi wa Angola. Na kodi amepandisha.

Akafunga kamba kwenye kulabu yake taratibu, akatafuta ndoo, akaipindua.